Gololi, sinia na simu: tathmini ya phyphox katika maabara ya fizikia ya mwaka wa kwanza

Kwa mihula mitatu mfululizo nimetumia programu ya simu iitwayo phyphox kufundishia somo la vitendo la fizikia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wengi wao walimu watarajiwa wa sekondari, katika chuo kimoja cha mwambao wa Tanzania ambako stopwochi zinazofanya kazi ni nne na wanafunzi wa kikundi kimoja hawapungui sitini. Walimu wenzangu wameniuliza mara nyingi kama programu hii inastahili kuingizwa katika ratiba ya maabara au ni pambo tu la teknolojia. Ninaona inastahili, tena sana, lakini kwa sharti ambalo nitalifafanua kwa kirefu, maana mwalimu asiyelizingatia atakuwa amebadilisha vifaa huku fikra za wanafunzi wake zikibaki palepale.

Phyphox ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha RWTH Aachen nchini Ujerumani na kutolewa kwa umma mwaka 2016. Inapatikana bure kwa simu za Android na za iPhone, haina matangazo, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuuboresha. Kazi yake ni kusoma vihisi ambavyo tayari vimo ndani ya simu, yaani kile cha mchapuko, cha mzunguko, cha usumaku na cha mwanga, pamoja na kipaza sauti, na katika baadhi ya simu kihisi cha kanieneo ya hewa, kisha kuonyesha vipimo kwa namba na kwa grafu papo hapo. Mbali na vipimo ghafi, yamo majaribio yaliyokwisha kuandaliwa: pendulamu, springi, lifti, mpira unaodunda, badiliko la Doppler (la mlio wa kitu kinachosogea) na mengineyo. Jaribio ambalo simu haina kihisi chake huonekana kwa rangi iliyofifia, nayo programu humweleza mtumiaji kilichokosekana. Jambo hili ni la msaada kwetu kwa sababu simu nyingi za bei nafuu hazina kihisi cha mzunguko, na zenye kihisi cha kanieneo ni za kuhesabu.

Sikuvutiwa na wingi wa majaribio hayo. Nilivutiwa na wepesi wa kurudia kipimo, na ili nieleze kwa nini wepesi huo una thamani, lazima niseme kidogo kuhusu hali ya mwanafunzi anapoingia maabara. Amefundishwa kwa miaka mingi kwamba kila swali la fizikia lina jibu moja, na kwamba jaribio hufanywa ili kulithibitisha jibu hilo. Akipima mara tatu akapata namba tatu tofauti, hudhani kwamba angalau mbili zimekosewa, naye huchagua ile iliyo karibu zaidi na ya kitabu. Ikikosekana kabisa, hupika data. Watafiti Andy Buffler na Saalih Allie wa Chuo Kikuu cha Cape Town, wakishirikiana na Fred Lubben na Bob Campbell wa Chuo Kikuu cha York nchini Uingereza, waliuchunguza mtazamo huu kwa wanafunzi wanaoanza chuo nchini Afrika Kusini. Waliutofautisha ule unaoweza kuitwa mtazamo wa nukta, ambao huamini kwamba kila kipimo chaweza kuwa ndilo jibu kamili, na mtazamo wa seti, ambao hukiona kila kipimo kuwa ni mmoja wa kundi, na kundi zima, kwa wastani wake na upana wake, ndilo lenye taarifa. Katika swali lao mojawapo, mpira huachiwa uteremke kwenye mteremko uliowekwa juu ya meza, ukatoka ukingoni na kuangukia sakafuni, na mwanafunzi huulizwa kama baada ya kupima umbali mara moja kuna haja ya kupima tena. Nilipowauliza wanafunzi wangu swali la namna hiyo wiki ya kwanza, wengi walijibu kwamba hakuna haja, mradi mpimaji awe makini. Jibu hilo halitokani na uvivu. Ndivyo walivyofundishwa, na sisi walimu ndio tuliowafundisha.

Kwa stopwochi ya mkononi ni vigumu sana kulivunja wazo hilo. Gololi inayoanguka kutoka kimo cha mita 1.20 hufika chini kwa karibu nusu sekunde, na muda wa mtu kuona na kubonyeza kitufe ni kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Mtawanyiko anaouona mwanafunzi ni wa kidole chake, naye hukitupia kidole lawama zote: laiti kidole kingekuwa chepesi, jibu lingekuwa moja. Phyphox inayo stopwochi ya sauti, ambayo huanza kuhesabu kipaza sauti kinaposikia kishindo cha kwanza na kusimama kinaposikia cha pili. Kidole kinaondoka katika hadithi, mtawanyiko unabaki, na hapo ndipo somo linapoanza.

Jaribio tunalofanya ni hili. Rula ya chuma huwekwa ukingoni mwa meza, ncha yake ikiwa imechomoza nje, na gololi hukalishwa juu ya ncha hiyo. Chini sakafuni tunaweka sinia la alumini, lile la kupakulia wali. Mwanafunzi mmoja huigonga rula kwa kijiko kutoka ubavuni. Rula huponyoka, gololi hubaki haina pa kukaa na kuanza kuanguka, na mlio wa kijiko huwa ndiyo mwanzo wa kuhesabu. Gololi inapolipiga sinia, saa husimama. Kioo cha simu huonyesha, kwa mfano, sekunde 0.491. Mara ya pili 0.483, mara ya tatu 0.502. Kundi moja linaweza kukamilisha vipimo ishirini kwa muda usiozidi dakika kumi, jambo ambalo kwa vifaa vyetu vya zamani lingekula kipindi kizima.

Kabla ya wastani wowote, huwasimamisha kwenye namba ya kwanza kabisa. Je, 0.491 maana yake nini? Kioo kinaonyesha tarakimu tatu baada ya nukta, kwa hiyo tunachoweza kusema ni kwamba saa ilihesabu muda uliopo kati ya 0.4905 na 0.4915, wala hatuna sababu ya kuipendelea sehemu moja ya nafasi hiyo kuliko nyingine. Huu tayari ni uwezekano, tena umo ndani ya usomaji mmoja: mgawanyo wa mstatili wenye upana wa sekunde 0.001, ambao mkengeuko wake sanifu (kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) ni upana huo ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 12, yaani kama sekunde 0.0003. Hesabu hiyohiyo hutumika kwa rula yenye alama za milimita na kwa mizani ya kidijitali. Mwongozo wa kimataifa wa kueleza shaka ya vipimo, uliotolewa mwaka 1993, unaiita tathmini ya Aina B, yaani ile isiyotokana na kurudia kipimo bali na ujuzi wetu juu ya chombo, na unaitofautisha na Aina A inayotokana na takwimu za vipimo vilivyorudiwa. Ninatumia neno shaka kwa makusudi badala ya kosa, kwa sababu neno kosa humfanya mwanafunzi atafute mkosaji.

Kisha tunaziangalia zile namba ishirini kwa pamoja. Katika kikao kimoja ambacho bado ninayo karatasi yake, wastani ulikuwa sekunde 0.491 na mkengeuko sanifu sekunde 0.008. Ona kwamba 0.008 ni zaidi ya mara ishirini ya ile 0.0003 ya kioo, kwa hiyo kununua saa yenye tarakimu nyingi zaidi kusingetusaidia chochote. Kinachotawanya vipimo ni namna kijiko kinavyogonga, namna rula inavyoisukuma gololi kidogo inapoponyoka, na mahali gololi inapoangukia kwenye sinia. Shaka ya wastani ni 0.008 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 20, nayo ni sekunde 0.0018. Kutokana na kimo cha mita 1.20, mchapuko wa uvutano ulikuja kuwa 9.96 kwa shaka ya 0.07, katika mita kwa sekunde kwa sekunde. Hapo darasa likaguna, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba kitabuni ni 9.81.

Kwa mazoea ya zamani, huu ungekuwa wakati wa kupika. Nikawaomba waifuate sauti. Simu ilikuwa imewekwa sakafuni, kando ya sinia. Mlio wa kijiko ulitoka juu, mita 1.20 kutoka kwenye simu, na katika hewa ya joto la nyuzi 30, ambayo sauti hupita kwa karibu mita 350 kwa sekunde, mlio huo ulichukua sekunde 0.0034 kuifikia simu. Mlio wa sinia ulifika papo hapo. Maana yake simu ilianza kuhesabu ikiwa imechelewa, na kila kipimo katika vile ishirini kilikuwa kifupi kwa kiasi kilekile. Tukiurudishia muda huo, wastani unakuwa sekunde 0.4944 na mchapuko unakuwa 9.82, shaka ikiwa ileile 0.07. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa kimya muhula mzima alinyanyua mkono akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo hata tungepima mara elfu moja, kosa lile lisingeondoka?" Lisingeondoka. Kurudia kipimo hupunguza mtawanyiko, lakini hakugusi kosa la kudumu ambalo vipimo vyote vinashiriki. Na njia nyepesi ya kuliondoa ni kuiweka simu mahali penye umbali sawa kutoka kwenye rula na kutoka kwenye sinia. Nimefundisha tofauti ya mambo haya mawili ubaoni kwa miaka kadhaa, na sijawahi kuona ikieleweka kama ilivyoeleweka siku ile.

Lakini bado lipo jambo lililonigusa zaidi. Walipoona 9.82 walishangilia kwamba wamelikaribia jibu la kitabu, nami nikawauliza ni kitabu cha wapi. Mchapuko wa uvutano hautoshani kila mahali duniani: karibu na ikweta, usawa wa bahari, ni kama 9.78, na kwenye ncha za dunia ni kama 9.83. Thamani sanifu ya 9.80665 ilikubaliwa kimataifa mwaka 1901, na 9.81 iliyozoeleka vitabuni inaelekea zaidi hali ya Ulaya kuliko ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako tunapaswa kutarajia karibu 9.78. Kipimo chetu cha 9.82 chenye shaka ya 0.07 kinakubaliana na 9.78 na kinakubaliana pia na 9.81, hakina uwezo wa kutuambia ni ipi kati yake. Kulisema hilo katika ripoti, kwa sentensi kamili na bila kuona aibu, ndilo tunda la jaribio zima. Vizazi vya wanafunzi wetu vimekata namba zao halali na kuandika namba ambayo hata si ya mahali waliposimama.

Jaribio la pili ninalolipendekeza ni jepesi kiasi kwamba wengine wataona ni kupoteza muda. Simu hulazwa mezani na kuachwa. Programu husoma kihisi cha mchapuko mara nyingi kwa sekunde. Kwa simu inayosoma mara 100 kwa sekunde, dakika moja hutoa vipimo 6,000 vya kitu ambacho hakisogei. Grafu haitulii. Inatetemeka juu na chini ya thamani moja, na vipimo hivyo vikihamishiwa Excel na kuchorwa histogramu, mara nyingi hutoa ule umbo wa kengele ambao wanafunzi wameuona vitabuni kana kwamba ni mali ya somo la hisabati peke yake. Kwa simu tatu za wanafunzi zilizolazwa juu ya meza moja, mkengeuko sanifu wa kipimo kimoja ulikuwa kama 0.02, na kama kila kipimo kinajitegemea, shaka ya wastani wa vipimo 6,000 haizidi 0.0003. Hata hivyo simu ya kwanza ilisema 9.71, ya pili 9.79, ya tatu 9.86. Zimepishana kwa mamia ya mara ya shaka tuliyoihesabu.

Kwa muda niliwaacha wabishane. Mmoja alisema meza imeinama, lakini meza ni moja na tulikuwa tumesoma ukubwa wa jumla wa mchapuko, ambao haujali mwinamo. Mwingine alisema simu ghali ndiyo inayosema kweli. Ndipo nikawaambia waigeuze ile iliyosema 9.86 ilale kifudifudi, nayo ikasoma 9.71. Ikiwa kihisi kina nyongeza ya kudumu kwenye mhimili wake, nyongeza hiyo hujumlishwa simu inapotazama juu na hutolewa inapotazama chini. Wastani wa 9.86 na 9.71 ni kama 9.785, na nyongeza yenyewe ni nusu ya tofauti, yaani kama 0.075. Simu ileile ikawa imejisahihisha yenyewe bila kununuliwa kifaa chochote, angalau kwa kosa la aina hiyo, kwa kuwa kosa la kipimio lenye kukua pamoja na thamani lisingeonekana kwa njia hii. Mtu akiniuliza ni saa ipi moja ya maabara ingeibakiza ratiba ikilazimika kukatwa, nitaitaja hii.

Sasa nieleze sharti nililolitaja mwanzoni. Majaribio yaliyoandaliwa ndani ya phyphox hufanya hesabu na kumpa mtumiaji jibu lililokwisha kukamilika. Jaribio la mpira unaodunda, kwa mfano, husikiliza vishindo na kuonyesha moja kwa moja vimo na sehemu ya nishati iliyobaki. Kwa onyesho la dakika tano mbele ya darasa ni jambo zuri mno. Kwa mwanafunzi ambaye bado ana mtazamo wa nukta, namba inayochipuka kwenye kioo ni jibu, na jibu la mashine huheshimika kuliko la mwalimu. Faili la data nalo huja na tarakimu nyingi sana baada ya nukta, na nimepokea ripoti zilizonakili tarakimu hizo zote bila kuacha hata moja. Kwa hiyo mimi huanza na stopwochi ya sauti na vipimo ghafi pekee, huwataka wanafunzi waandike kila kipimo kwa mkono kwenye karatasi moja ya kundi, na huwataka wakadirie shaka yao kabla hawajatazama thamani yoyote ya kitabu. Majaribio yenye hesabu ndani yake huyafungua kuanzia wiki ya sita, na hapo swali la kwanza huwa ni programu imekisia nini ili kulipata jibu hili. Mwalimu atakayeanza na majaribio hayo atapata darasa lenye furaha na ripoti zilezile za zamani.

Yapo pia mambo ambayo simu haiwezi. Uwezekano katika fizikia hufundishwa vizuri zaidi kwa mionzi, pale ambapo hakuna kidole wala kijiko cha kulaumiwa na bahati nasibu imo ndani ya maumbile yenyewe. Ernest Rutherford na Hans Geiger, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1910, walihesabu mimweko ya chembe za alfa katika vipindi 2,608 vya sekunde 7.5 kila kimoja, wakapata wastani wa mimweko 3.87 kwa kipindi. Vipindi 57 havikuwa na mmweko hata mmoja, ilhali hesabu ya mgawanyo wa Poisson, yaani kanuni ya uwezekano wa matukio ya nasibu yanayojitegemea, ilitarajia 54. Phyphox inaweza kupokea data za vihisi vya nje kwa Bluetooth, kwa mfano kupitia bodi ndogo za kielektroniki za Arduino au ESP32, kwa hiyo chuo chenye kihesabio cha Geiger, yaani cha kuhesabia mionzi, na fundi mwenye subira kinaweza kuviunganisha. Sisi hatukuwa navyo. Msimu wa vuli tuliweka sinia letu ukingoni mwa baraza wakati wa manyunyu yaliyotulia, wanafunzi wakahesabu kwa masikio matone yanayolipiga kila sekunde tano, kwa vipindi mia moja, na varianzi, yaani mkengeuko sanifu ukizidishwa kwa wenyewe, ikaja karibu na wastani kama nadharia inavyotaka. Siku iliyofuata mvua ilizidi kadiri muda ulivyokwenda na varianzi ikawa kubwa mno, nao walieleza sababu wenyewe kabla sijafungua kinywa. Haikuwa kazi ya programu, lakini naieleza kwa faida ya mwenye kufikiri kwamba bila simu hakuna somo.

Joto nalo halimo. Simu nyingi hazina kihisi cha joto la mazingira, na kwa Mtanzania anayefundisha vipimo hilo ni pengo linalouma, kwa sababu mfano mkubwa tulionao nyumbani ni wa joto. Erasto Mpemba aliliona jambo lake alipokuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba akitengeneza aiskrimu mwaka 1963, na mwaka 1969 akalichapisha pamoja na Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam: kwamba maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya yale ya baridi zaidi. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti nchini Uingereza ambao haukupata ushahidi wa kutosha wa jambo hilo, na walionyesha kwamba kukipandisha au kukishusha kipimajoto kwa sentimita moja tu ndani ya chombo kunaweza kutoa matokeo yanayofanana nalo. Wengine bado wanabishana. Kwa darasa la vipimo sijui mfano bora zaidi wa kumwonyesha kijana kwamba sentimita moja isiyoandikwa kwenye daftari inaweza kubeba mjadala wa nusu karne, lakini kwa kuufanya maabara utahitaji vipimajoto halisi, na phyphox haitakusaidia.

Kuhusu urahisi wa matumizi nina sifa nyingi za kutoa. Programu inaweza kuendeshwa kutoka kwenye kompyuta kwa kufungua anwani inayoonyeshwa na simu, mradi vyote viwili viko kwenye mtandao mmoja usiotumia waya (Wi-Fi), na mtandao huo unaweza kuwa wa simu yenyewe. Hakuna bando linalotumika. Nikiwa na projekta, darasa zima huiona grafu ikitembea wakati simu inaning'inia kwenye mfuko wa kitenge uliofungwa kwa kamba mbili kama pendulamu. Kamba ziwe mbili, na mfuko ushonwe mdomo; muhula wa kwanza tulitumia kamba moja na utepe wa kubandika, simu ya mwanafunzi ikachomoka na kioo kikapasuka, na nililazimika kukitengeneza kwa fedha yangu. Data hutoka kama faili la Excel au la CSV na hutumwa kwa njia yoyote ambayo simu inaijua. Mimi huitumia programu kwa Kiingereza na nimeandaa karatasi ya maelezo kwa Kiswahili, kwa kuwa mwanafunzi anayejadiliana na wenzake kwa Kiswahili kuhusu mtawanyiko na shaka hufika mbali kuliko anayekariri istilahi ngeni.

Jambo moja la haki lisisahaulike. Si kila mwanafunzi ana simu janja, na wenye simu nzuri wana mazoea ya kulishika jaribio huku wengine wakitazama. Katika makundi yangu ya watu watano, simu hutoka kwa mmoja, lakini mwenye simu haruhusiwi kuigusa baada ya kuifungua. Kazi yake ni kuandika. Na kelele ni tatizo la kweli, kwa kuwa stopwochi ya sauti haijui tofauti ya gololi na mlango unaogongwa. Kizingiti cha sauti kinaweza kupandishwa ndani ya programu, lakini makundi kumi na mawili katika chumba kimoja yatasimamishiana saa. Sisi huyatawanya makundi kwenye korido, chini ya mwembe na nyuma ya karakana, mbali na jenereta.

Kwa mwalimu wa chuo au wa kidato cha tano na sita mwenye simu chache, rula, gololi na sinia, ninaipendekeza phyphox bila kusita kuliko seti za vihisi za bei ya mamilioni ambazo huishia kufungiwa kabatini kwa kuogopa kuharibiwa. Kwa mwenye fedha kidogo za maabara, ninashauri azielekeze kwenye vipimajoto na kihesabio kimoja cha Geiger, vitu ambavyo simu haiwezi kuvifidia. Muhula ujao nitaanza na simu zilizolazwa mezani kabla ya gololi, ili wanafunzi wauone mtawanyiko wa kitu kilichotulia kabisa kabla hawajakutana na ule wa kitu kinachoanguka, na nitawataka waandike mapema ni simu ipi wanaiamini na kwa nini.